Mambo Manne Tunayoyaita "Ugumu"

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana waliomaliza mafunzo ya uchomeleaji, useremala na uashi, hapa Kigoma mjini. Baadhi yenu mliomba maandishi. Nimeyanyoosha kidogo, utani nimeuacha kama ulivyokuwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Mgeni rasmi, wazazi, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaotutoka leo, habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa, na mwalimu mkuu amenionya kwa upole kwamba nasaha za maisha zitatolewa na wengine. Nimefurahi. Kwa hiyo sikuja na nasaha, nimekuja na kikapu. Humu ndani mna tindo lililovunjika, chaki, matofali mawili ya kuchoma, mfupa wa baiskeli na kipande cha mninga. Nitavitoa kimoja kimoja.

Tuanze na tindo. Hili nililitengeneza mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikata springi ya lori, nikaifua, nikanoa ncha, kisha nikaipasha moto mpaka ikawa nyekundu kama kaa, nikaitosa kwenye ndoo ya maji. Ikalia, mvuke ukapanda. Nilipoijaribu kwa tupa, tupa likateleza kama linapita juu ya kioo. Nikasema hapa nimepata. Fundi wangu alikuwa kwenye chai, nikaona nimshangaze atakaporudi. Nikaweka tindo juu ya kichwa cha boliti kilichoganda, nikainua nyundo. Pigo la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, kona hii mnayoiona haipo ikaruka. Kipande kidogo kama punje ya mchele kikaingia kwenye mkono wa mwenzangu aliyekuwa amesimama pembeni. Kimo humo mpaka leo. Tukikutana hunionyesha kwanza, salamu baadaye.

Fundi aliporudi hakunigombeza. Aliokota tindo, akaliangalia pale lilipovunjika, akaniuliza swali moja: "Ulilirudishia moto?"

Sikulirudishia. Wala sikujua kwamba kuna kurudishia. Na hili ndilo nililokuja kuwaambia leo, mengine yote ni matawi yake: sisi kwa Kiswahili cha karakana tuna neno moja, "kigumu", na tunalibebesha mizigo minne tofauti. Tunamwambia mteja, "Mama, chuma hiki kigumu." Kigumu kivipi? Hakikwaruziki? Hakikatiki ukikivuta? Hakinesi ukikikalia? Au hakivunjiki ukikipiga? Hayo ni mambo manne, na kitu kinaweza kuwa bingwa wa moja kikawa wa mwisho katika jingine. Kioo hakikwaruziki ovyo, ila kiangushe uone. Mpira wa tairi unakwaruzika kwa ukucha, ila upige nyundo siku nzima.

Tuyape majina ili tuelewane. Kutokwaruzika ni ugumu wenyewe. Kubeba mzigo bila kupinda moja kwa moja wala kukatika ni nguvu. Kukataa kunesa ni ukakamavu. Kupokea pigo bila kupasuka ni ushupavu. Tindo langu lilikuwa na ugumu wa kutisha na ushupavu wa biskuti.

Kisa chenyewe kiko ndani ya chuma. Chuma cha pua kina kaboni kidogo. Kikiwa chekundu, kaboni hiyo hutawanyika vizuri katikati ya chembe za chuma. Ukikiacha kipoe polepole, kaboni hujitenga taratibu na kupata mahali pake. Ukikitosa majini, inanaswa pale pale ilipo, inazibana chembe zisiweze kuteleza moja juu ya nyingine. Chembe zisipoteleza, chuma hakikwaruziki. Lakini hakijui tena kupinda, na kitu kisichojua kupinda kikizidiwa njia yake ni moja, kupasuka. Kurudishia moto ni kuiruhusu ile kaboni ilegee kidogo. Unalisugua tindo ling'ae, unalipasha moto taratibu ukiangalia rangi inavyotembea: kwenye nyuzi 230 hivi inakuja njano ya majani makavu, halafu kahawia, kwenye 280 zambarau, karibu na 300 bluu. Kisu kinataka njano. Tindo linataka zambarau, kwa sababu maisha yake ni kupigwa. Unapoteza ugumu kidogo, unapata ushupavu mwingi. Mafundi wa kale wa kufua majembe walifanya biashara hiyo bila kipimajoto, kwa jicho tu, na wengi waliifanya vizuri kuliko mimi.

Sasa niwaulize wachomeleaji. Mteja amekuletea benchi la chuma, watu wawili wakikaa linanesa katikati. Anasema, "Niwekee chuma kizuri zaidi, nitalipa." Mtamwekea?

(Hapa wengi walijibu ndiyo.)

Pesa yake itapotea. Chuma laini cha kawaida na chuma cha springi vinanesa karibu sawasawa kabisa chini ya mzigo uleule. Kile cha springi kitarudi pale ambapo kile laini kitabaki kimepinda, hiyo ndiyo nguvu. Ila kunesa kwenyewe hakubadiliki, kwa sababu ukakamavu wa chuma hautokani na kuchovya wala kuchanganya, unatokana na jinsi chembe za chuma zilivyoshikana, nazo ni zilezile. Ukitaka benchi lisinese badilisha umbo. Maseremala mnalijua hili kwa mikono hata kama hamjalisema kwa mdomo: mbao ya mbili kwa sita ukiilaza inanesa, ukiisimamisha kwa ubavu inakuwa kakamavu mara 9 zaidi. Mbao ileile, mti uleule. Ndiyo maana kenchi husimamishwa. Na ndiyo maana bati lina mikunjo. Linyooshe liwe bapa uone kama litabeba hata paka. Geji ya bati, yaani unene wake, watu wanaigombania dukani, mikunjo hakuna anayeitazama.

Waashi, chaki ni yenu. Mheshimiwa mgeni rasmi, nisaidie. Ikamate huku na huku, uikandamize kwa urefu. Zaidi. Umeona, haivunjiki. Sasa ipinde. Pyu! Bila hata kutoa jasho. Zege ni chaki ya ghorofa. Likibanwa linabeba ajabu, likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Na boriti yoyote iliyolala kati ya nguzo mbili ikibebeshwa mzigo, juu inabanwa, chini inavutwa. Kwa hiyo nondo ya kazi inakaa chini, kule kunakovutwa. Hilo kila kibarua analijua.

Kinachonitia hofu ni kibaraza kinachochomoza nje ya ukuta bila nguzo. Pale mambo yamegeuka. Mzigo uko kwenye ncha, kinachovutwa ni juu. Nondo inatakiwa iwe juu. Nimeona kwa macho yangu, katika mji ambao sitautaja, nondo imefungwa vizuri sana juu, halafu wabeba zege wakapita juu yake na viatu vyao wakaikanyaga mpaka ikalala chini kabisa. Zege likamwagwa, likalainishwa, likapendeza. Hakuna jicho linaloweza kuona ndani ya zege. Mbao za chini zilipotolewa kibaraza kilikaa siku mbili, kikainama kama mtu anayesujudu. Nashukuru Mungu ilikuwa alfajiri. Wekeni viti vya chuma vya kushikilia nondo za juu, na mtu wa kusimama pale kumwambia kibarua "pita huku".

Na maji. Zege halikauki jamani, zege linashika. Saruji inakula maji na kugeuka jiwe, si kama udongo unaoachia maji. Ndiyo maana tunalimwagilia siku saba na zaidi. Ila yale maji ya ziada ambayo kibarua anaongeza kwenye karai ili koleo lisimchoshe, hayo hayana wa kuyala. Yanabaki, yanatoka baadaye, yanaacha matundu. Kwenye matundu hayo maji ya mvua yanaifuata nondo, nondo inapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Inalipasua zege kutokea ndani. Mnaokwenda kujenga Uvinza, kwenye chumvi, angalieni mchanga na maji mnayochanganyia mara mbili. Chumvi huiharakisha kutu hiyo.

Nimetaja kutu, sasa nigeuke nitazame ziwani. Hapa Kigoma hakuna mtoto asiyeijua Liemba. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaunganishwa kule kwa majaribio, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa hapa na kuteremshwa majini 1915 ikiitwa Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua.

Miaka minane chini ya maji, halafu injini inafufuka! Wengi hupenda kusimulia hadithi hii kama ya kishujaa, au ya miujiza. Mimi naisoma kama karatasi ya majibu. Kutu inahitaji maji na oksijeni pamoja, na grisi ilifunga mlango wa vyote viwili. Halafu maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, na yana ubesi kidogo, kinyume cha uasidi, hali ambayo chuma huivumilia vizuri. Injini ileile ingezamishwa Dar es Salaam bila grisi, mngeletewa vumbi jekundu.

Jambo jingine la Liemba ni ribiti, vile vipini vifupi vya chuma vyenye kichwa. Zamani hizo bamba na bamba viliunganishwa kwa ribiti zilizopashwa moto. Inaingia tunduni ikiwa nyekundu, inapigwa kichwa, na inapopoa inasinyaa, inayavuta mabamba yakumbatiane. Joto lenyewe linafanya kazi ya kukaza. Ninyi wachomeleaji mnaona ribiti ni mambo ya babu. Sawa, kuchomelea ni haraka, ni nyepesi, haivuji. Lakini ribiti zilikuwa na fadhila moja: ufa ukianza kwenye bamba moja unaishia ukingoni mwa bamba hilo. Meli iliyochomelewa ni bamba moja tangu tezi mpaka omo, na ufa ukiondoka safari hauna kituo.

Januari 1943, kule Portland, Marekani, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imefungwa gatini. Maji yametulia, hakuna dhoruba, hakuna bomu. Usiku ikapasuka karibu yote, ikainuka katikati kama kuni iliyovunjwa gotini. Ilikuwa ya kuchomelewa, chuma chake hakikuwa na ushupavu kwenye baridi, na mahali pa kuchomelea palikuwa na kasoro ambapo ufa ulipata pa kuanzia. Nguvu ya chuma kile ilikuwa inatosha. Ushupavu ndio uliokosekana, na kipimo cha siku zile hakikuuliza habari za ushupavu.

Baridi ya namna ile sisi hatuna. Kona kali tunazo tele. Kata bodi ya pikapu kwa msumeno, acha kona ya mraba, umempangishia ufa nyumba. Mzigo wote unaopita kwenye bamba unabanana kwenye ile kona kama watu kwenye mlango wa stendi. Ikateni kwa duara. Na ukikuta ufa umeshaanza, kabla hujaufunika kwa mchirizi wa kuchomelea, tafuta ncha yake utoboe tundu. Ncha kali ikigeuka tundu la mviringo, ufa unakosa pa kushikia.

Mfupa wa baiskeli nao una habari yake. Nimeuokota kwenye barabara ya Mwandiga, kwa ndugu mmoja aliyekuwa na magunia mawili ya mkaa na uso wa huzuni. Fremu imekatika hapa, chini ya shingo, pembeni kabisa ya mahali palipochomelewa. Aliniapia kwamba hajapakia kilo moja zaidi ya siku zote. Nilimwamini. Tazameni pale palipokatika: sehemu kubwa ni laini, imesuguliwa, nyeusi ya zamani, sehemu ndogo inang'aa, mbichi. Ile laini ni ufa uliokuwa unatembea kwa miezi, kila shimo la barabara unasogea unywele mmoja. Ile inayong'aa ndiyo siku yenyewe. Chuma huchoka. Mzigo ambao kingeubeba mara moja bila wasiwasi, ukiurudia mara laki kadhaa kinakatika. Dunia ililijua hili kwa gharama: mwaka 1842 ekseli ya kichwa cha treni kilichotoka Versailles kwenda Paris ilikatika, wakafa watu zaidi ya hamsini, na baadaye katika karne ileile Mjerumani August Wöhler akakaa miaka akizungusha ekseli kwenye mashine mpaka zikatike, akihesabu mizunguko. Aligundua kwamba chuma kina mpaka: mzigo ukiwa mdogo kiasi fulani, hakichoki kabisa. Alumini haina mpaka huo. Mzigo hata ukiwa mdogo, mizunguko ikiwa mingi itachoka tu.

Ufa uliojificha utaujuaje? Kwa sikio. Mafundi wa reli walipita na nyundo yenye mpini mrefu wakigonga magurudumu, wakisikiliza. Gurudumu zima linaimba, lenye ufa linakohoa. Mama zetu hununua chungu hivyohivyo sokoni, anakigonga kwa pingili ya kidole kabla ya kuuliza bei. Haya matofali mawili nayagonga. Hili: ngli! Hili: pwa. Yametoka tanuru moja, rangi moja. Hilo la pili halikuiva katikati. Kuna mtu alitaka kuniuzia tripu nzima kwa kunionyesha yale ya juu.

Maseremala, ninyi nimewaweka mwisho kwa sababu nyenzo yenu ndiyo pekee inayoendelea kubadilika baada ya kufa. Mbao inakunywa na kutoa unyevu maisha yake yote. Ikitoa unyevu inasinyaa, lakini haisinyai sawasawa pande zote: kwa urefu karibu hakuna, kwa kufuata mzunguko wa miaka ya mti inasinyaa kama mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana ubao unajikunja kama mkono unaoomba. Mninga wa huku kwetu na Tabora haukupata sifa kwa rangi pekee. Sifa yake kubwa ni kwamba husinyaa kidogo, na pande zake hazitofautiani sana. Mlango wake haung'ang'anii fremu masika. Mkaratusi una nguvu, una uzito, lakini ukiupigilia ukiwa mbichi utasikia usiku nyumba inapiga bastola. Kwa hiyo msiniambie mti fulani "mgumu" kisha mkanyamaza. Niambieni umekauka miezi mingapi.

Na boti za mbao za Kibirizi, hapa ziwani, zinatumia tabia hiyohiyo kwa faida. Boti iliyokaa nchi kavu muda mrefu ukiiingiza majini inavuja kila mshono. Mgeni ataogopa. Mwenyewe ataizamisha nusu, aende kunywa chai, na mbao zikivimba zinaibana kalafati, ile pamba iliyozibia mishono, mpaka maji yanakosa njia.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kuishia. Lakini mzee mmoja wa Ujiji, aliyekuja kumwona mjukuu wake akipokea cheti, alinyoosha fimbo badala ya mkono. Nikampa nafasi.

"Mwalimu," akasema, "umesema vizuri habari ya chuma, na umesema vizuri habari ya mbao. Umesahau msumari."

Nikamwuliza kwa vipi, mzee wangu.

"Mimi nimeunda boti tangu wewe hujaota ndevu. Boti haifi kwenye ubao mtupu, wala haifi kwenye chuma kitupu. Inafia pale vinapokutana. Ng'oa msumari wa chuma uliokaa majini miaka kumi. Msumari umebaki kama sindano. Na mbao inayouzunguka, upana wa kidole, imekuwa nyeusi, unaibonyeza inaingia kama keki. Hatua moja pembeni mbao ni nzima, inanukia. Kutu ya msumari inaila mbao, na unyevu wa mbao unaula msumari. Hawa vijana wafundishwe kutumia msumari uliopakwa zinki, na waufunike kichwa."

Mjukuu wake alikuwa ameinamisha uso kwa aibu, kama wafanyavyo wajukuu. Nilimwomba mzee apite mbele, nikampa kile kipande cha mninga na msumari wa nchi nne, nikaenda kukaa kwenye kiti chake.